Kagua Kucha Kabla ya Kuzipaka Rangi

Kazi yangu saluni huanza kwa kuondoa rangi yote na kuutazama kila ukucha kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu rangi huficha mengi. Nawe anza hivyo nyumbani.

Kwanza, ondoa rangi kwa pamba na dawa yake, wala usiikwangue kwa wembe, kwani wembe hubandua tabaka la juu la ukucha. Hina haiondoki, husubiri ukucha ukue. Hata hivyo, sehemu isiyo na hina inayojitokeza shinani ni kipimo kizuri: kucha za mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, hivyo ukucha mzima hujibadilisha kwa miezi 4 hadi 6.

Pili, kata kucha baada ya kuoga, zikiwa zimelainika, kisha sugua ncha kwa tupa ukielekea upande mmoja.

Tatu, usikate ngozi nyembamba iliyoshikamana na shina la ukucha. Wateja wengi huniomba niikate ili kucha zionekane ndefu, nami hukataa, ingawa wapo walionihama kwa sababu hiyo. Ngozi hiyo ndiyo kizibo kati ya ukucha na nyama; ikikatwa, vijidudu hupenya na kuleta ugonjwa wa kaka, ambao wengine huuita mdudu wa kidole, na kidole huvimba pembeni mwa ukucha, hupwita na pengine hutunga usaha. Ilainishe kwa maji ya uvuguvugu, isukume taratibu kwa kitambaa, kisha ipake mafuta ya nazi. Uvimbe ukianza, loweka kidole katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 15, mara 3 au 4 kwa siku, wala usikitoboe. Ukiona usaha au ukipata homa, nenda kituo cha afya.

Nne, soma unachokiona. Madoa meupe mara nyingi hutokana na kugongwa kidogo, si ukosefu wa kalsiamu kama tunavyoambiana. Kucha zinazobanduka tabaka kwa tabaka kwa kawaida zimechoshwa na maji na sabuni, basi vaa glavu unapofua. Ukucha ulionenepa, ukawa wa manjano na kumeguka huenda una fangasi, lakini ugonjwa wa ngozi uitwao sorayasisi hufanana nayo sana, kwa hiyo ni vyema upimwe kabla ya kununua dawa. Kucha zilizobonyea kama kijiko zinaweza kuashiria upungufu wa madini ya chuma.

Mistari myeusi ya wima kwenye vidole kadhaa ni ya kawaida kwa sisi wenye ngozi nyeusi. Mstari unaojitokeza kwenye kidole kimoja tu, ukazidi kupanuka au weusi wake ukaenea hadi kwenye ngozi, unaweza kuwa saratani. Ukucha wa namna hiyo siupaki rangi. Humwomba mteja auache wazi mpaka daktari auone.