Kisu cha kukunja: kitikise kabla ya kulipa

Ukichagua kisu cha mfukoni cha bei nafuu, usianze na makali. Makali yananolewa, kiungo kibovu, pale bapa linapokunjikia kwenye mpini, hakinolewi. Kifungue, shika mpini kwa mkono mmoja, kwa mwingine shika bapa upande wa mgongo, kisha lisukume kushoto na kulia. Likicheza, rudisha. Hapo kwenye pini ndipo visu vya bei rahisi hubaniwa gharama, na kulegea huongezeka kila unapokata kitu kigumu, na siku moja kisu kinaweza kukukunjikia vidoleni. Kiungo cha skrubu kikicheza kidogo bado unaweza kukikaza; cha ribiti, yaani pini iliyogongwa isiyofunguka, achana nacho kabisa.

Jaribio hili halikuambii lolote kuhusu ubora wa chuma. Na kwa Opinel, chapa ya visu vya kukunja ya Ufaransa, ambayo mimi naiona ina thamani kubwa kwa bei yake, halitoshi: mpini wake ni wa mbao, ukilowa huvimba na bapa hukaza, kwa hiyo likitulia si lazima kiungo kiwe kizuri. Hiyo kagua pete ya kufungia bapa, izunguke vizuri na ibane.