Piga mwenyewe hesabu ya umbali na muda wa ndege kutoka Dar

Nafanya kazi ya kukata tiketi hapa Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni "tutakaa hewani muda gani?" Jibu unaweza kulipata mwenyewe kwa simu yako. Tuchukue safari ya Mwanza.

Hatua ya 1: Pata latitudo na longitudo. Fungua ramani ya simu, gusa kiwanja na ushikilie kidole hadi namba zitokee. Kiwanja cha Julius Nyerere kipo 6.88 kusini, 39.20 mashariki. Mwanza ni 2.44 kusini, 32.93 mashariki.

Hatua ya 2: Tafuta umbali. Toa latitudo kwa latitudo, unapata 4.44. Longitudo kwa longitudo, 6.27. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili: 7.68. Zidisha kwa 111, maana nyuzi moja ni takriban kilomita 111. Jibu ni kama kilomita 850. Kwa barabara ni zaidi ya 1,100.

Njia hii inafaa Tanzania kwa sababu tuko karibu na ikweta. Ukienda kaskazini, nyuzi za longitudo zinabanana. Pale London moja haifiki hata kilomita 70. Kwa safari za mbali tumia kipimio cha umbali cha Google Earth, kinachofuata mviringo wa dunia. Dar hadi Dubai kitakupa karibu kilomita 3,980.

Hatua ya 3: Geuza umbali kuwa muda. Ndege ya jeti hukata takriban kilomita 830 kwa saa, pangaboi kama Dash 8-400 takriban 650. Gawa, kisha ongeza nusu saa ya kutembea ardhini, kupanda na kushuka. Mwanza kwa jeti ni saa moja na nusu hivi. Kwa pangaboi, saa moja na dakika hamsini.

Hatua ya 4: Soma tiketi vizuri. Hapa ndipo watu wanapopoteza nauli, kwa hiyo tulia. Tiketi huandika saa za kila mji. Dubai wako mbele yetu kwa saa moja: ukiondoka 16:30 na kufika 23:00, safari ni saa tano na nusu, si sita na nusu. Wakati wa kurudi, unaongeza hiyo saa badala ya kuitoa.

Tena, 16:30 ni saa kumi na nusu jioni. Inayoumiza zaidi ni 00:40. Tiketi ikisema tarehe 14 saa 00:40, ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 14. Ukienda uwanjani tarehe 14 usiku, ndege yako iliondoka usiku uliopita. Kwa safari ya nje ya nchi, uwe umefika Terminal 3 saa tatu na nusu usiku, tarehe 13.