Kusomesha dini darasa la watoto wa kila dini

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa shule ya msingi ya umma hapa Mombasa, kazi ya somo la dini inaanzia kwenye ratiba. Hakikisha CRE (elimu ya dini ya Kikristo) na IRE (elimu ya dini ya Kiislamu) ziko katika kipindi kimoja. Zikiachana, kundi moja litasoma na jingine litatolewa nje likae chini ya mwarubaini, na mtoto anayetolewa nje kila wiki huelewa upesi kwamba dini yake haina nafasi shuleni.

Mimi nasomesha IRE na pia ni mwalimu wa darasa wa gredi ya nne, kwa hivyo nawaona watoto wale wale wakigawanyika na wakirudi. Zile dakika za kugawanyika zinataka uangalifu kuliko somo lenyewe. Usiseme, "Wakristo wabaki, wengine watoke." Sema, "IRE chukueni madaftari, tunakwenda chumba cha pili. CRE, mwalimu wenu anaingia." Muhula ujao geuzeni: CRE ndio wahame. Chumba chenye madawati mazima kisiwe milki ya kundi lenye watoto wengi.

Kisha mtafute asiye na kundi. Mara nyingi ni mtoto mmoja tu, Mhindu au Singasinga, na mtaala una HRE (elimu ya dini ya Kihindu) kwa ajili yake ingawa shule nyingi hazina mwalimu wa kuisomesha. Muite mzazi mapema, muulize anataka mwanawe asome nini wakati huo, na mwombe mwalimu mkuu kitabu cha HRE. Mtoto huyo asitumwe kuteka maji wala kufagia ofisi kwa sababu tu wenzake wana kipindi. Na wako wale wa Rabai na Kaloleni ambao babu zao bado wanakwenda kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, kuomba. Usiyaite mambo ya wazee wao ushirikina mbele ya darasa. Misitu ya kaya imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008. Hata hilo tu, ukilitaja kwa heshima, mtoto hunyanyua kichwa.

Ndani ya IRE nasema "tunaamini", maana nasema na watoto wa Kiislamu. Darasa likiwa pamoja nasema "Waislamu wanaamini", "Wakristo wanaamini", na sichanganyi. Watoto watakuuliza waziwazi kama Yesu ni Mungu, au nani ataingia peponi. Usikwepe. Waambie Wakristo wanaamini ni Mwana wa Mungu, Waislamu wanaamini Isa ni mtume aliyezaliwa na Maryam bila baba, na hukumu ya pepo haiko mkononi mwa mwalimu. Halafu nyamaza. Ukiendelea kueleza, utaanza kutetea upande wako.

Kila muhula mimi na mwenzangu wa CRE tunaunganisha kipindi kimoja, na kisa ninachokipenda ni cha Yusufu. IRE wanakisoma katika sura ya 12 ya Qurani, CRE katika kitabu cha Mwanzo kuanzia sura ya 37, kisha wanakaa wawiliwawili na kusimuliana. Ndoto wanaikuta pande zote mbili: nyota kumi na moja, jua na mwezi. Kisima kipo, ng'ombe saba wapo. Tofauti ndizo zinazowaamsha. Katika Biblia Yakobo anaona damu kwenye kanzu na kuamini mwanawe ameliwa na mnyama. Katika Qurani Yaakub anawaambia wanawe kuwa nafsi zao zimewashawishi, na anashika subira. Mtoto wa CRE anasimulia Yusufu akilia mbele ya ndugu zake hata Wamisri wakamsikia. Wa IRE anajibu kwa kanzu iliyowekwa usoni mwa baba yake, macho yakarudi kuona. Usiwaulize kisa kipi ni sahihi. Waulize: wewe ungewasamehe ndugu zako? Hapo ndipo wanaponyamaza na kufikiri.

Wakitaka kuchora, wachore kisima, kanzu na ng'ombe. Yusufu mwenyewe wasimchore, kwani Waislamu hawachori mitume. Karatasi zenye aya zisitupwe kwenye pipa wala kufungiwa njugu. Ziwekewe bahasha kabatini, na watoto wa zamu ya usafi, wa dini yoyote, waambiwe hivyo.

Ramadhani huja mapema kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka, kwa hivyo iangalie kabla hujapanga michezo ya jioni. Watoto wengi wa gredi ya nne hawajabaleghe, saumu si wajibu kwao, lakini wanashindana. Anayezidiwa mpe maji, mbali na macho ya wenzake. Wasiofunga nao wale chakula chao bila kujificha.

Ziara inafaa sana: msikiti wa Mandhry Mji wa Kale, kanisa la Holy Ghost, hekalu la Swaminarayan barabara ya Haile Selassie, kwa siku moja. Viatu vivuliwe panapostahili. Watoto waangalie na waulize, wasiimbe wala kusujudu ibada isiyo yao. Kifungu cha 32 cha katiba ya 2010 kinakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume na imani yake, na mtoto mbele ya mwalimu ni mwepesi wa kulazimika bila hata kuambiwa neno.

Tuma barua kwa wazazi wiki mbili kabla, na uzihifadhi zilizotiwa saini. Mzazi akija kulalamika, mkaribishe akae, mpe daftari la mwanawe alisome kabla hujajieleza. Wengi hutulia hapo. Asiyeridhika mkubalie, mwandalie mtoto kazi ya kufanya kwa mwalimu mwingine siku hiyo, na usilitangazie darasa sababu.