Kuacha sigara ukiwa kibarua mgeni mjini

Nilitoka kijijini sijawahi kushika sigara. Wiki ya pili kwenye saiti ilikuwa tayari mdomoni, na wala si kwa utamu wake. Niliona tu kwamba anayevuta huachwa asimame dakika tano, ilhali asiyevuta akisimama msimamizi humuuliza, "Wewe unangoja nini?" Sigara ndiyo ilinipa mapumziko.

Kama nawe ulianzia hapo, yatafute kwanza hayo mapumziko. Mimi nilinunua chupa kubwa ya maji. Wenzangu wakiwasha, nami naenda kona ya pili, upande upepo unakotokea, nakunywa taratibu. Mchanganya zege hanyimwi maji.

Kabla ya siku ya kuacha, hesabu kwa siku 3. Mimi nilichora mistari ya penseli ndani ya pakiti: 14 kwa siku. Nyingi zilikuwa za kupewa au za kusindikiza mazungumzo. Ya alfajiri tu, kabla sijavaa buti, ndiyo mwili uliidai. Ukivuta ndani ya dakika 30 baada ya kuamka, nikotini imekushika sawasawa. Muulize mfamasia kuhusu chingamu ya nikotini ya miligramu 4. Usiitafune kama chingamu ya kawaida. Tafuna polepole mpaka iwashe kidogo, kisha ibane kati ya shavu na ufizi. Mimi niliisaga kwa pupa, nikashikwa na kwikwi huku nimebeba ndoo begani. Watu walicheka mpaka jioni.

Kinachosumbua kuliko arosto, yaani mwili kudai sigara, ni kukataa fegi ya mkononi. Ukiwa mgeni, kuikataa ni kama kumkataa mtu mwenyewe. Usihubiri. Sema, "Kifua kimenikatalia, ndugu yangu," kisha mpe habari nyingine. Hakuna anayebishana na kifua cha mtu anayekula vumbi la saruji kutwa. Ila wiki 2 za mwanzo usikae nao kabisa.

Usiku nao una yake. Chumbani tulikuwa sita, kwa hiyo simu ya nyumbani niliipigia nje, penye wavutaji. Nikishasikia sauti ya mama, mkono unaenda mfukoni wenyewe. Nilihamishia simu hiyo njiani nikitoka kazini, nikitembea.

Siku ya 2 na ya 3 ndizo mbaya: hasira, kichwa, njaa. Hamu ikipanda, haidumu zaidi ya dakika chache. Beba kitu, tembea. Kikohozi kikizidi mwanzoni usishtuke, mapafu yanajisafisha. Ukikohoa damu, nenda hospitali.

Na usinunue moja moja ukidhani unapunguza. Siku ya 19, usiku wa malipo, niliteleza kwa moja. Sikuanza kuhesabu upya wala kujitukana. Asubuhi nilijaza chupa, nikarudi kwenye kona yangu.