Baiskeli kando ya Mida Creek: tazama maji kwanza

Ukitaka kuendesha baiskeli kando ya Mida Creek, ule mkono wa bahari ulio kati ya Watamu na barabara ya Mombasa–Malindi, anza kwa kutazama mwezi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi jioni na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Toka muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa, na urudi njia ya juu maji yakishaanza kupanda, kwa sababu kwenye tambarare ya mchanga huingia upesi na hupita nyuma yako bila kelele. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hayana fujo; njia ya ukingoni hupitika karibu saa zote.

Upepo wa tairi ndio unaoharibu safari nyingi. Kwa tairi ya 26 kwa 2.1 na mtu wa kilo 70, paundi 30 zinatosha mchangani, na 40 kwenye vijia vya matumbawe. Ukipunguza mno, jiwe hubana tyubu kwenye rimu, nayo hutoka na matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Tundu moja dogo kwa kawaida ni mwiba: pitisha kitambaa ndani ya tairi, kitanase penye ncha yake, uung'oe kabla ya kurudisha tyubu. Ukiusahau, utaziba tena baada ya mita mia.

Kuziba kwenyewe kunataka subira. Kwaruza kwa msasa mpaka weusi ufifie, paka solusheni nyembamba, subiri dakika tano hadi isimetemete, ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza. Wengi hubandika ikiwa mbichi, na kiraka kinaachia kwenye jua la saa saba.

Penye mchanga laini weka gia nyepesi kabla hujaingia, kaa nyuma kidogo kitini, piga pedali mfululizo na usikate kona ghafla. Baiskeli ya mamba, ile nyeusi nzito ya kubebea mizigo, kwa tairi zake nyembamba, huzama. Shuka tu usukume. Usiingie kabisa chini ya michu, aina ya mikoko: ile mizizi iliyosimama kama penseli ndiyo pumzi ya mti, ukiivunja unauumiza, na matope meusi yaliyo chini yake humeza gurudumu hadi kwenye ekseli. Kwenye daraja la mbao la mikokoni shuka, utembee ukiisukuma.

Beba maji lita mbili, tyubu ya akiba, pampu, vitoa-tairi na spana namba 15 kwa nati za gurudumu.

Jioni hiyo hiyo, si kesho, mwagia baiskeli maji baridi ya bomba, polepole, usielekeze mpira kwenye beringi. Ikikauka, tia tone moja la oili kwenye kila kiungo cha mnyororo, zungusha pedali, kisha futa yote ya juu. Oili chafu ya gari haifai, hukamata mchanga na kusaga meno ya gia. Mafuta ya kupikia nayo huganda. Mara moja kwa mwezi chomoa nguzo ya kiti uipake grisi, maana chumvi huigandisha ndani ya fremu mpaka fundi aombe msumeno.