Somo: Binti kuingia Kidato cha Tano shule ya wasichana ya serikali, kuanzia Selform hadi kupokewa bwenini

Habari zenu wazazi, walezi, na mabinti mnaosubiri majina. Somo hili ni la Tanzania Bara, kwa shule za serikali za wasichana kama Kilakala, Msalato, Tabora Wasichana, Weruweru, Ashira, Korogwe, Rugambwa, Loleza na nyinginezo, pamoja na zile shule 26 za wasichana za sayansi zilizojengwa moja kwa kila mkoa. Za binafsi nitazigusa kwenye maswali.

Nianze na jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: mkuu wa shule hapangi nani aje Kidato cha Tano. Anayepanga ni OR-TAMISEMI (Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), kwa kutumia matokeo ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na kile alichojaza binti kwenye Selform, fomu ya machaguo yake. Kumfuata mkuu wa shule na bahasha ya vyeti mwezi Machi hakusaidii kitu. Nguvu ya mzazi ipo sehemu mbili tu, Selform na siku ya kuripoti, na hizo ndizo nitakazozieleza kwa kirefu.

Hatua ya 1: Selform

Binti hujaza Selform akiwa bado Kidato cha Nne, shuleni kwake. Huweka tahasusi anazotaka (yaani mchanganyiko wa masomo matatu ya Kidato cha Tano na cha Sita), shule, na vyuo. Wengi hujaza kwa kufuata rafiki wa dawati moja, na mzazi nyumbani hana habari. Mwombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe alichojaza mwanao. Ni haki yako.

Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha machaguo kwenye mfumo wa Selform. Hapa ndipo pa kukaa mezani na binti, matokeo mkononi.

Hatua ya 2: Pigeni hesabu ya pointi

A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Vigezo ambavyo TAMISEMI imekuwa ikivitangaza ni hivi: awe na C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu, somo la dini halihesabiwi, pointi za masomo saba zisizidi 25, masomo matatu ya tahasusi yawe na jumla ya pointi 3 hadi 10, bila F hata moja, na umri usizidi miaka 25.

Tuchukue mfano. Binti ana Fizikia D, Kemia C, Baiolojia B, Jiografia B, Kiswahili B. Kwenye PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) ana 4+3+2, jumla 9. Kwenye CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) ana 3+2+2, jumla 7. Kote anafaa kwa kigezo, ila PCB ya pointi 9 itashindana na wenye 3 na 4 wanaotaka shule hizohizo, halafu hiyo Fizikia ya D atakutana nayo miaka miwili mfululizo. CBG ingempa nafasi nzuri zaidi. Lakini kama ndoto yake ni udaktari wa binadamu, ajue CBG haimfikishi, kwa kuwa vyuo vikuu vinadai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. CBG inaelekea kwenye kilimo, mazingira, ualimu wa sayansi. Mazungumzo haya yafanyike kabla dirisha halijafungwa. Na binti asikilizwe, maana ndiye atakayekaa na hivyo vitabu usiku.

Mimi msimamo wangu ni huu: tahasusi kwanza, jina la shule baadaye. Nimeona mabinti wenye uwezo wakilazimishwa tahasusi wasiyoiweza kwa sababu tu mzazi anaitaka shule fulani yenye jina. Tangu 2024 orodha ya tahasusi imepanuliwa hadi 65, kwa hiyo isomeni yote, msiishie zile zilizozoeleka kama PCM, PCB na HKL.

Hatua ya 3: Majina yakitoka

Kwenye orodha ya TAMISEMI, tafuta kwa mkoa, halmashauri, kisha shule aliyomalizia. Ukishaona jina, pakua fomu ya kujiunga ya shule aliyopangwa, chapisha zote, soma zote. Masomo ya Kidato cha Tano huanza Julai, kwa hiyo muda wa maandalizi si mrefu.

Hatua ya 4: Fomu ya kujiunga

Ukurasa wa afya hujazwa na daktari wa hospitali ya serikali, kwa mhuri. Usiuache hadi siku ya safari. Kama binti ana pumu, kifafa, sikoseli au dawa za kila siku, andika wazi. Kuna wazazi wanaoficha wakihofia mtoto atarudishwa; matokeo yake matroni anaamshwa saa nane usiku, binti anahangaika kupumua, na hakuna anayejua aanzie wapi. Matroni akijua mapema, inhela inakuwa na mahali pake na wenzake wa chumbani wanaelekezwa.

Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Utakayokutana nayo ni michango na mahitaji yaliyotajwa kwenye fomu. Lipa kwa namba ya malipo au akaunti iliyoandikwa humo tu, na tunza risiti.

Vifaa: godoro, shuka za rangi iliyotajwa, chandarua, ndoo yenye mfuniko, rimu ya karatasi, vifaa vya usafi kama fagio au fyekeo, sare kwa mshono ulioelekezwa. Angalia urefu wa sketi kwenye mchoro kabla ya kumpa fundi kitambaa. Pedi ziwe za kutosha muhula mzima, usimwachie aibu ya kuomba.

Hatua ya 5: Kuripoti

Jina kwenye orodha bado si nafasi. Nafasi ni yake akisharipoti na kusajiliwa. Matangazo yamekuwa yakitoa siku 14 tangu shule kufunguliwa. Zikipita, anapewa mwingine. Kama fedha haijatimia, mpeleke na ulichonacho, kisha zungumza na mkuu wa shule kuhusu kilichobaki. Godoro linaweza kufuata wiki ijayo, lakini nafasi ikishapewa mtu haifuati.

Siku hiyo abebe fomu iliyojazwa, cheti cha kuzaliwa, matokeo yaliyochapishwa na picha za pasipoti. Tranka litafunguliwa na kukaguliwa kitu kimoja kimoja. Simu haziruhusiwi bwenini, kwa hiyo ibaki nyumbani. Na tafadhali pangeni safari afike mchana. Anayetoka Kagera kwenda Ruvuma asiachwe kubadili mabasi peke yake usiku.

MASWALI YA WAZAZI NA MABINTI

Mzazi, Singida: Mwanangu ana Division II lakini amepangwa chuo, si Kidato cha Tano. Wamekosea?

Huenda hawakukosea. Mfumo hufuata machaguo, na kama kwenye Selform alitanguliza chuo, ndiko alikopangwa. Muulize kwa upole alijaza nini, kisha nenda na namba yake ya mtihani ofisi ya elimu ya halmashauri mpate ufafanuzi.

Mlezi, Temeke: Amepangwa mbali sana. Naweza kumbadilishia kabla ya kuripoti?

Usimzuie kuripoti kwa kusubiri uhamisho. Aripoti kwanza. Maombi huanzia kwa mkuu wa shule aliyopo, na yanategemea kuwepo nafasi ya tahasusi hiyo kule anakotaka kwenda. Usipokuwa na sababu nzito, kama matibabu, mwache asome.

Mzazi, Geita: Kuna mtu anasema kwa laki tano atamuingiza binti yangu shule maalumu ya wasichana.

Usitoe hata shilingi. Nafasi hizo haziuzwi. Ripoti polisi au TAKUKURU.

Binti, Kigoma: Nilijifungua nikiwa Kidato cha Tatu, nikarudi nikamaliza. Nina Division III ya pointi 22. Je, naweza kuchaguliwa?

Hongera sana, mdogo wangu. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi shuleni. Vigezo vya kuchaguliwa ni ufaulu na umri, na hivyo unaviangalia kama mwenzako yeyote. Pigia hesabu tahasusi yako kama nilivyoonyesha hapo juu. Anza mapema kupanga nani atalea mtoto muhula ukianza, maana bwenini hutakuwa naye.

Mzazi, Moshi: Na shule binafsi za wasichana?

Hizo unaomba moja kwa moja: unachukua fomu, binti anafanya mtihani wa kujiunga, mnapewa majibu. C tatu bado zinahitajika, kwa sababu bila hizo NECTA haitamsajili mtihani wa Kidato cha Sita. Kabla ya kulipa, omba namba ya usajili wa shule na mchanganuo wa ada kwa maandishi, michango yote ikiwemo. Na nenda ukaione jioni, wakati wa chakula, si asubuhi ukiwa umepangiwa miadi.