Kulala kwenye nyumba ya mawe Lamu: maswali ya kuuliza kabla hujalipa

Ukitafuta gesti Mji wa Kale wa Lamu, picha za kitanda ziache kwanza. Piga simu uulize chumba kiko orofa ya ngapi. Ngazi za nyumba hizi za matumbawe na chokaa ni za wima, na vipandio havilingani. Kwa magoti yangu haya mimi huomba chumba cha chini, na paani napanda jioni kupunga upepo, basi. Wewe uliye na miguu mizima chukua cha juu kabisa. Joto la kaskazi utalishukuru huko.

Halafu uliza kama chumba ni cha asili au kimeongezwa baadaye. Cha asili ni kirefu lakini chembamba, hakifiki mita 3 kwa upana, maana dari imelalia boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Familia ya watu wanne msijibane humo, chukueni viwili. Ukutani mkiona zidaka, vile vishubaka vya plasta vilivyopangana safu kwa safu, msivigeuze kabati la taulo mbichi. Plasta ya chokaa haipendi maji, na fundi wa kuitengeneza hapatikani kila siku.

Kelele je? Vyumba vingi vinatazama uwanja wa ndani ulio wazi juu. Hewa inaingia, na maneno ya jirani pia. Misikiti imekaribiana, kwa hiyo azana ya alfajiri utaisikia hata ukijifunika mto, na punda hulia saa anayotaka yeye. Mwenye usingizi mwepesi aseme mapema apewe chumba cha upande wa pili.

Ndege hutua kisiwa jirani cha Manda, basi huishia Mokowe, upande wa bara. Kote huko unavuka kwa boti. Vichochoroni gari halipiti, kwa hiyo beba begi la mgongoni, au patana na mchukuzi bei palepale gatini kabla hajaliinua sanduku lako. Mwombe mwenye gesti atume mtu akupokee. Mara ya kwanza huwezi kuijua nyumba kwa maelezo ya simu.

Mtaa? Mimi huchagua Mkomani, kaskazini ya ngome, kwenye nyumba kongwe zaidi. Mtaa wa Langoni una maduka na pilikapilika. Popote utakapolala, ngome iliyokamilika 1821 utaifikia kwa miguu. Ila siku ya kwanza anza na ile Nyumba ya Waswahili iliyofanywa makumbusho. Ukitoka humo, ukirudi chumbani kwako utajua kilikuwa cha nani na kwa nini hakina dirisha la nje. Wengi huiacha mwisho, na wanakosa.

Wiki ya Maulidi vyumba hujaa, weka nafasi mapema. Masika baadhi ya gesti hufunga. Ufukweni mjini vaa nguo za heshima. Za kuogelea zivae ufukwe wa kijiji cha Shela.

Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, yana msikiti wenye nguzo juu ya kibla. Mashua hufika kwa kupita mkono wa bahari katikati ya mikoko, nao hupitika maji yakijaa. Kwa hiyo muulize nahodha saa ya kwenda na saa ya kurudi pia, kisha ndipo mzungumzie bei.